Mahali pa Kasri

Mwezi uliopita mwanangu alinijia jikoni na simu mkononi. Alikuwa amepakua mchezo wa kujenga miji, ule wa zamu kwa zamu, ambao wewe unacheza hatua yako, unangoja, na wafalme wengine nao wanacheza yao. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Kwenye kioo ilionekana nchi ya kijani iliyokatwa miraba, na katikati yake wahamiaji na punda wao wakingoja kuambiwa wasimame wapi.

"Mama, kasri niliweke wapi?"

Nilimjibu pale pale, huku nikiendelea kukuna nazi. "Rudi nyuma miraba miwili, penye mto na kilima. Hapo pwani pazuri kwa macho tu."

Akanitazama kwa mshangao, maana mama yake hajulikani kwa michezo ya simu. Mimi nikaiacha nazi, nikatoka uani, nikasimama nimeegemea pipa la maji. Aliponifuata kuniuliza nimejuaje, nilimwambia nimebahatisha.

Sikubahatisha. Nilifundishwa na mjomba wangu Suleiman, kaka yake mama, msimu ule aliokuja kwetu Gando baada ya babu kufariki.

Mjomba alikuwa akiishi Maskati tangu ujana wake. Mimi nilikuwa nikimjua kwa picha moja iliyokuwa ukutani, kanzu nyeupe na kilemba, na kwa maboksi ya nguo yaliyofika kabla ya sikukuu. Mazishi hakuyawahi. Alifika siku chache kabla ya khitma ya arubaini, amenona, ananukia udi na sabuni nzuri, na pamoja na mabegi yake alikuwa na kompyuta ya kufunua na jenereta dogo la petroli, kwa sababu umeme ulikuwa bado haujafika upande wetu. Watu wakaja kumpa mkono wa pole. Mimi nilikuwa mlangoni nikilitazama lile begi jeusi.

Tulikuwa tunaishi mimi na mama tu kwenye nyumba ya babu. Baba alikwishamwacha mama, akaenda Tanga, hatukuwa na habari zake. Bibi alitangulia kufa, na mama ndiye aliyemuuguza. Babu naye akashika kitanda miaka, na mama ndiye aliyemgeuza, akamwosha, akampikia uji, na baina ya uji na uji akalima shamba lote peke yake. Mimi nilimfuata nyuma na kijembe changu. Alikuwa mama asiyesema sana, lakini shambani ulimi wake ulifunguka. Alinionyesha mikarafuu inayozaa na ile iliyokwisha uzee. Alinifundisha kuonja udongo kwa ncha ya ulimi, nijue chumvi imepanda hadi wapi. Maana shamba la babu lilianza juu kwenye njia ya gari, penye kilima cha mikarafuu, likashuka kwenye nyumba na mihogo, likaishia chini kwenye bonde la mpunga lililopakana na mikoko. Na kila bamvua kubwa bahari ilikuwa ikipita mikokoni na kuingia bondeni, kila mwaka mbele kidogo. Kisima cha karibu na nyumba kilishaharibika, maji yake yakawa na munyu, hayafai hata kwa chai.

Siku moja ya kiangazi, babu angali hai, chini ya kilima, karibu na mdoriani mkubwa, mama alisimama ghafla. Alivua kiatu akakanyaga kwa wayo mtupu. "Hebu kanyaga na weye," akaniambia. Udongo ulikuwa baridi, wakati pande zote ulikuwa umepasuka. Akapiga jembe, akachimba mpaka mkono wake ukazama hadi begani, na maji yakaja. Tulikunywa kwa viganja. Yalikuwa matamu, na yananukia majani.

Mama alicheka. Nakumbuka kwa sababu hakuwa na desturi ya kucheka. "Hapa ndipo n'takapojenga," alisema. "Babu yako kesha kuniambia nijenge huku juu. Usimwambie ntu." Akalifukia lile shimo, akaweka jiwe juu.

Mjomba alipoona namna ninavyolizunguka begi lake, alinicheka, akaniita nikae. Ikawa kila siku baada ya kusali alasiri na mimi kurudi kutoka chuo cha Kurani, jenereta likanguruma nyuma ya nyumba na sisi tukakaa barazani na kompyuta juu ya kigoda. Mchezo alikuwa nao mmoja tu, wa miji. Alinieleza mara moja nami nikashika. Unaanza na kundi moja la wahamiaji. Pale utakapowasimamisha ndipo mji wako wa kwanza, na mji wa kwanza ndio unaopewa kasri. Kila mji unakula kwenye miraba iliyouzunguka, mashamba, samaki, kuni za msituni. Ukiuweka vibaya, mji huo utakuwa na njaa mpaka mwisho wa mchezo, hata ufanye nini. Na miji iliyo mbali na kasri mavuno yake hupotelea njiani, watu wake hununa, na wakinuna sana huasi.

Mjomba hakuwa hodari. Alikuwa na haraka, na alikuwa mtu wa kupenda mandhari. Kila mara aliweka kasri ufukweni, pembeni kabisa mwa nchi, eti meli zipite. Miji aliniachia mimi niipe majina. Mmoja nikauita Gando, mmoja Shumba, na ule wa mbali kabisa kaskazini, karibu na msitu, nikauita Makangale. Makangale haikukaa zamu kumi ikaasi.

"Wana nini hawa?" mjomba aliuliza, kama kwamba ni watu wa kweli.

"Wako mbali, mjomba. Kasri lihamie katikati."

"Katikati hapana bahari."

"Bahari hailiwi yote. Hapo pana mto, pana kilima, na kila mji utakuwa karibu."

Halafu akalihamisha kasri pale nilipomwonyesha, na baada ya zamu chache Makangale ikatulia, ghala zikajaa. Mjomba akapiga paja lake kwa kicheko. "Huyu ndiye waziri wangu!" alimwambia mama, aliyekuwa akipita na ungo. "Zuwena, umezaa waziri!"

"Miji ya hewani hiyo," mama alisema, akapita.

Siwezi kueleza lile jina lilinifanya nini. Nilikuwa mtoto wa kike wa miaka kumi, baba hana habari nami, mwalimu skuli alikuwa hajui hata jina langu vizuri. Hakuna mtu mzima aliyepata kuniuliza jambo akangoja jibu. Mjomba aliuliza, na alingoja. Alikuwa ananyanyua nyusi zake nene na kusema, "Waziri unashauri nini?" Na mimi nilijiona nimekua, nimepata wangu wa kunitegemea.

Ndivyo ilivyokuwa siku alipofunga kompyuta mapema na kuniuliza, "Na hapa kwetu? Tuseme ndiyo tunaanza mchezo, shamba la babu ndiyo nchi yetu. Kasri ungeliweka wapi?"

Nilikimbia kuchukua daftari langu la hesabu, lile la miraba. Mjomba akasema tufanye kwa uhakika. Mraba mmoja uwe hatua ishirini zake. Tukazunguka shamba siku tatu, yeye anahesabu hatua kwa sauti, mimi naandika. Nilikuwa mbele ninamwongoza kama mama alivyoniongoza mimi. Nilimwonyesha mikarafuu inayozaa, nikaitia alama ya nyota. Iliyokufa nikaitia msalaba. Nilimwonyesha chumvi ilipofika, na hata itakapofika, maana mama alinionyesha majani yanayotangulia kukauka. Pale nikapaka rangi nyekundu, karibu bonde zima.

Tulipofika kwenye mdoriani nilisita. Niliikumbuka kauli ya mama, usimwambie ntu. Nilifikiri kwa akili yangu yote ya miaka kumi. Mtu ni mgeni. Mtu ni jirani, ni mpita njia, ni yule bwana wa dukani. Mjomba si mtu, mjomba ni wetu. Nikalisogeza jiwe.

"Mjomba, kanyaga hapa."

Akavua viatu vyake vya ngozi akakanyaga. Akakanyaga tena kwa mguu wa pili. Nilichora duara la buluu kwenye daftari, nikachora na kasri dogo pembeni yake, lenye bendera.

Siku ya kugawa mirathi walikuja watu wachache baada ya sala ya Ijumaa. Alikuwapo Sheha wetu, mkuu wa serikali pale kijijini, alikuwapo Shehe mmoja kutoka Wete anayejua elimu ya mafungu, na wazee wawili mashahidi. Wanaume walikaa barazani. Mama alikaa ndani ya mlango, kanga kichwani, na mimi ubavuni kwake. Jambo lenyewe halikuwa na ugumu. Warithi walikuwa wawili, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Sheha akasema kwamba kwa desturi ya pale shamba hukatwa kwa urefu, kutoka njia ya gari hadi mikokoni, ili kila mtu apate juu na apate chini.

Mjomba akakohoa. "Bwana Sheha, tukikata hivyo nyumba itakuwa ya huyu na kisima cha yule, na kesho watoto wetu watagombana kwenye mpaka. Mimi nimelipima shamba lote kwa hatua." Akatoa daftari langu kutoka kwenye mfuko wa kanzu. "Lina miraba sitini. Tukikata kwa upana, mimi nachukua arubaini hizi za juu na kati, dada anachukua ishirini hizi za bondeni, anapolimia kila siku. Hapana mraba uliozidi wala uliopungua."

Daftari likazunguka mkono kwa mkono. Wazee wakalisifu, kazi safi, mistari imenyooka. Shehe akavaa miwani akaihesabu miraba kwa kidole. Na mimi, kuona daftari langu mikononi mwa watu wakubwa kama wale, sikuweza kujizuia. Nilisimama mlangoni nikasema kwa sauti, "Nimechora mimi!"

Wakacheka. "Mashaallah," alisema Shehe. "Mtoto wa nani huyu?"

"Wa Zuwena," alijibu mjomba. "Ndiye waziri wangu."

Shehe akalileta daftari hadi mlangoni, akampa mama kwa heshima, ajionee. Mama alilishika kwa mikono miwili. Nilimwona macho yake yakishuka kutoka juu, kwenye nyota, yakafika kwenye duara la buluu, yakasimama hapo. Aliitazama bendera. Aliitazama rangi nyekundu. Mimi nilikuwa nikingoja anisifu.

"Bi Zuwena," aliuliza Shehe, "umeridhika na mgao huu?"

Pale barazani kuku alikuwa anapekua mchanga. Mama angeweza kusema. Angeweza kusema kwamba baba yake alimwahidi kule juu, ingawa shahidi wake alikuwa mimi peke yangu, na mimi nilishasimama mbele ya watu nikasema ramani ile ni yangu. Angeweza kumuuliza kaka yake kwa nini rangi nyekundu yote imeangukia upande mmoja. Hadi leo sijui ni lipi lililomziba mdomo.

"Nimeridhika," alisema mama.

Na mimi niliamini. Kama mtu mzima amesema ameridhika, basi ameridhika.

Wageni walipokwisha kula na kuondoka, mama alikaa uani akichagua mchele. Aliniuliza bila ya kuinua uso. "Lile duara la buluu ni pale penye jiwe?"

"Ndiyo, mama."

"Haya," alisema.

Hakunipiga. Hakunigombeza. Heri angenigombeza, lakini hayo nayawaza sasa. Siku ile nilikwenda zangu kucheza.

Mjomba alileta mafundi kutoka Wete. Walisawazisha kilima, wakachimba pale penye mdoriani, na nilikwenda kila siku kuangalia. Katika mchezo, kasri likijengwa mahali pazuri nchi yote hunufaika. Kwa hivyo nilijua tutahamia pale sote watatu, mimi nitakuwa na chumba cha upande wa jua, mama atachota maji bila ya kutoka nje. Siku moja mjomba alikuwa amesimama kwenye msingi na fundi wake mkuu, nikamvuta kanzu.

"Mjomba, na siye tutahamia lini?"

Akashangaa kwanza, kisha akacheka, si kwa ubaya. "Nyinyi mna kwenu, waziri. Mna miraba ishirini." Akanipapasa kichwani, akamgeukia fundi, wakaendelea kuzungumzia madirisha.

Nilishuka kilima polepole. Ndipo nilipoanza kuelewa, kidogo kidogo, kama mtu anayeamka. Nilikwenda bondeni peke yangu nikachukua udongo, nikauweka kwenye ncha ya ulimi. Nikautema.

Nyumba ya babu iliangukia upande wake. Alituacha tukae mpaka tutakapojenga, na alisema hivyo mbele ya watu, wakamsifu kwa wema. Mwaka wa pili akataka kuzungusha ukuta, nyumba ya babu ikawa njiani, ikavunjwa. Mama akajenga vyumba viwili vya udongo ukingoni mwa bonde, mahali pa juu kuliko pote tulipokuwa napo, na hapo juu penyewe sakafu ilikuwa inatoa unyevu hadi mikeka ikaoza. Msimu wa kwanza mpunga ulikuja vizuri. Msimu wa pili bamvua likapita tuta, na baada ya wiki mpunga wote ukawa mwekundu kama uliochomwa. Mama akalijenga tuta upya kwa tope na matawi. Mwaka uliofuata likabomoka tena, akajenga tena. Mara ya tatu hakujenga. Alianza kuuza maandazi nje ya skuli yangu, na wenzangu wakawa wateja wake.

Mjomba alirudi Maskati. Nyumba ilibaki imefungwa sehemu kubwa ya kila mwaka, ikiwa na mlinzi mmoja na bomba waliloruhusiwa majirani. Maji yake yalikuwa matamu, watu walitoka mbali kuja kuyachota. Mama hakuchota hata siku moja. Alikuwa akipita mbele ya geti lile na ndoo kichwani, akaenda hadi bomba la skuli na kurudi. Na mimi nilimfuata na ndoo yangu ndogo, kwa sababu sikuthubutu kumuuliza kwa nini.

Alinilea. Alinisomesha mpaka nikawa mwalimu. Hakukosa kunipa chakula, wala neno jema mbele ya watu. Lakini alikuwa haniambii kitu. Kule kusema kwake kwa shambani kulikwisha, kukawa hakuna. Akiweka kitu, aliweka nisipopaona. Akipanga safari, nilijua asubuhi ya safari. Ugonjwa uliomuua alikuwa nao muda mrefu kabla sijaujua, na nilijua kwa jirani yetu Bi Asha, aliyekuwa akimsindikiza hospitali. Nilipomuuliza mama, alisema, "Sikutaka usumbuke." Bi Asha alikuwa anajua tarehe zote, na dawa zote kwa majina.

Alipozidiwa, jamaa wakaanza kuja kutakana radhi naye, kama ilivyo kwetu. Kila aliyeingia alimwinamia, akasema nisamehe, na mama kwa sauti iliyobaki alisema nimekusamehe, nawe nisamehe. Mtoto wa bwana wa dukani aliyewahi kumtukana alikuja. Hata mwanamke mmoja tuliyekuwa hatusemeshani naye alikuja, akalia, akapewa radhi.

Asubuhi moja mjomba alipiga simu. Alikuwa mzee naye, miguu imemfa, hawezi kusafiri. Nikaifungua sauti, nikaishika simu karibu na mto wa mama.

"Zuwena, dada yangu," alisema, na sauti yake ilikuwa inakatika. "Nisamehe. Nililokukosea ninalolijua na nisilolijua."

Mama alifumba macho. Nilidhani hatamjibu.

"Nimekusamehe, kaka," alisema. "Duniani na akhera."

Mjomba akalia kwenye simu, tukamsikia sote tuliokuwamo chumbani. Bi Asha naye akajifuta machozi kwa kanga. Simu ilipokatika, Bi Asha alitoka kwenda kutia maji ya uji, na nikabaki peke yangu na mama. Nikapiga magoti ubavuni mwa kitanda. Jambo ambalo hatukulitaja tangu siku ile ya kuchagua mchele nililisema kwa pumzi moja.

"Na mie, mama. Lile daftari. Nisamehe."

Akainua mkono, akauweka kichwani pangu. Ulikuwa mwepesi, hauna uzito.

"Weye ulikuwa kijana mdogo. Kijana hana kosa."

"Najua, mama. Lakini niambie tu. Sema umenisamehe."

"N'takusamehe nini, na kosa huna?"

Nilibaki pale nimepiga magoti. Nilitaka kumwambia kwamba ninalo, kwamba nilisikia vizuri aliponiambia nisimwambie ntu, kwamba nilisita pale kwenye jiwe na kusita kwangu ni ushahidi. Lakini mkono wake ulishateremka, na alikuwa anatazama ukuta nyuma yangu.

"Nigeuze," alisema. "Upande huu umeniuma."

Nikamgeuza taratibu, akanipa mgongo. Nikamfunika kanga miguuni, nikasubiri kama atasema jengine, mpaka Bi Asha akaingia na uji.